Roboti Ambaye Hakuwamo

Bi Shaka hakuzaliwa na jina hilo, alilitolea jasho. Alikuwa fundi wa makochi, na kazi ya makochi, kwa anayeijua, haimwachii mtu imani kubwa. Kochi huletwa limevaa kitambaa cha heshima, maua ya dhahabu na vifungo vinavyong'aa, mwenyewe akiapa kwamba ndani mna sponji ya daraja la kwanza. Fundi akipitisha wembe kwenye mshono, yanatoka magunia, nyasi kavu, soksi za watu, na siku moja ilitoka nusu ya suruali pamoja na mkanda wake. Baada ya miaka mingi ya kuchungulia matumbo ya namna hiyo, Bi Shaka akikutana na mtu mwenye tabasamu zuri alijiuliza kwanza huyu amejazwa nini.

Basi hakuamini kitu. Mkate aliuminya kabla ya kuununua, mizani ya muuza nyama aliikagua kwa kidole, na kijana aliyekuja kumposa binti yao wa pekee alihojiwa mpaka mshenga akaomba maji ya kunywa. Mtu mmoja tu hakumtilia shaka, naye ni mumewe. Mume huyo aliendesha mashine ya kusaga nafaka, akirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na mtaa mzima ulimwita Bwana Unga. Mtu wa hivyo, Bi Shaka alipenda kusema, hata akitaka kwenda njia za panya hawezi, maana kila anapokaa anaacha alama.

Wawili hawa walikuwa na starehe moja. Kila Jumapili alasiri walikaa kwenye kochi la watu wawili, alilolitengeneza mke kwa mkono wake na kwa hiyo alijua lilivyojazwa, wakatazama filamu za mambo ya anga: watu wanaohamia kwenye nyota, maroboti yanayofikiri, viumbe wenye vichwa kama mabuyu. Filamu hizo zilikuwa zimetiwa sauti ya Kiswahili ya mtafsiri mmoja mwenye maneno mengi, ambaye akiona hadithi imepoa huongeza chumvi yake. Ikiisha, televisheni ilizimwa na kila mmoja alitoa hukumu. Ilikuwa sheria ya nyumba: hakuna kuinuka, hakuna chai, mpaka hukumu mbili zitoke na zigombane.

Hukumu za Bi Shaka zilianzia kwenye viti. Nahodha anayesafiri miaka kumi angani juu ya kiti cha bati kisicho na sponji, alisema, ama ni mwongo ama hana mgongo. Tena hao viumbe kutoka nyota za mbali, mbona kila wakija wanakuja na salamu za amani? Mgeni anayetaja amani kabla hajaulizwa, huyo mfungie mlango. Bwana Unga yeye alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Alitazama injini. Akiona moshi alisema hawakutia grisi. Akiona chombo kinapaa kimyakimya alisema uongo mtupu, hakuna mashine ya nguvu isiyopiga kelele. Basi. Mkewe alimbishia hayo machache mpaka giza linaanza kuingia, na ndiyo ilikuwa raha yao. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hao wawili walizichana Jumapili.

Sasa mambo yalianza kubadilika, na yalianza na roboti mkunga.

Ilikuwa filamu ya roboti anayezalisha wanawake katika mji uliojengwa chini ya bahari. Ilipoisha, Bi Shaka alingoja kusikia habari za grisi. Badala yake mumewe alikohoa, akasema kwamba kiini cha hadithi ni upweke wa yule roboti, kwamba anapokea watoto wa wenzake naye hana hata jirani, na kwamba pale mwishoni alimgusa moyo. Bi Shaka alimtazama kama mtu aliyekuta panya ndani ya kochi jipya. Huyu ni mwanamume aliyemzika baba yake bila chozi, na kaburini akauliza koleo la nani. Leo kaguswa moyo na bati.

Tangu hapo kila Jumapili hukumu zilikuja ndefu, laini, zimenyooshwa pasi. Safari ya kurudi nyuma katika wakati ilikuwa "fumbo la majuto". Mvua inayonyesha kwenda juu ilikuwa "picha ya moyo unaokataa kukubali". Maneno hayo hayakuwa ya kinywa chake, Bi Shaka aliyajua maneno ya kinywa chake yote. Na wala si maneno tu. Siku hizi mume alijua nani atakufa, maana alianza kutikisa kichwa kabla mtu wa kwenye filamu hajafa. Vichekesho vya mtafsiri alivicheka akiwa amechelewa kidogo, baada ya mkewe kucheka. Katikati ya filamu Bi Shaka aligeuka akamkuta anamtazama yeye usoni badala ya kutazama televisheni, na mtu anayemtazama mkewe namna ile, baada ya miaka yote hiyo, ana la kuficha. Akimwita kutoka jikoni, kimya. Akimsimulia habari za karakana huku anakunja nguo, mume anaitikia "eeh" mahali pa "hapana". Mwili uko nyumbani, alijiambia, roho iko kwa mtu.

Mtu mwenyewe hakuwa mbali. Ubavuni mwa mashine ya kusaga palikuwa na kibanda cha filamu, na mwenye kibanda alikuwa mwanamke mmoja mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka barabara, aliyeitwa Mama Flashi kwa sababu ya biashara yake ya kuwajazia watu filamu kwenye flashi. Ni huko Bwana Unga alikochukua filamu ya Jumapili. Zamani alikuwa akiichukua na kurudi; sasa Jumamosi alichelewa. Bi Shaka akaomba ruhusa karakanani, akasema anakwenda kutafuta vifungo, akapita upande wa pili wa barabara akiwa ameshusha mtandio usoni. Kibandani hapakuwa na mtu wakati huo. Palikuwa na kigoda, kimesogezwa karibu kabisa na kiti cha mwenye duka, na juu ya kigoda kulikuwa na alama nyeupe ya makalio ya mwanamume, unga mtupu.

Aliporudi kupita mara ya pili aliwaona wenyewe. Mama Flashi alikuwa ameinama hadi sikioni mwa mumewe, mikono inapaa hewani, naye Bwana Unga anacheka. Kicheko hicho nyumbani kilikuwa hakijaonekana siku nyingi. Mashine ilikuwa inanguruma na Bi Shaka hakusikia neno, lakini aliona ya kutosha. Alifika karakanani akashona kiti cha mteja mbele nyuma. Ilimuuma, tena sana. Alikuwa mwanamke wa kushuku dunia nzima kwa sababu alikuwa na mahali pamoja pa kupumzikia, na mahali hapo ndipo palipokuwa pakichukuliwa.

Mwingine angekwenda kumshika mtu nywele. Bi Shaka alikuwa fundi. Hapasui kochi kabla ya kutafuta mshono. Aliwaza hivi: wanaitazama filamu pamoja Jumamosi, kisha Jumapili mume anamletea mke makombo na maneno ya yule mwanamke. Dawa ni kumpa filamu ambayo Mama Flashi hajaigusa, asikie atasema nini kwa akili yake mwenyewe. Jumapili asubuhi, mume akiwa anaoga, alichukua flashi iliyokuwa kando ya televisheni, akaenda kwenye duka jingine la filamu karibu na karakana, akaomba ifutwe iliyomo na iwekwe nyingine yoyote ya mambo ya anga. Akairudisha pale pale, ikitazama upande ule ule.

Alasiri wakakaa. Filamu ilikuwa ya mzee mmoja na binti yake waliokwama kwenye chombo kilichoharibika. Binti muda wote amevaa vazi zito la angani, kofia ya chuma imemfunika hadi shingoni. Kwa maneno yao ilijulikana mapema kwamba hewa haiwatoshi wote wawili, na binti, huku anamwimbia baba yake alale, anavuta mpira wa hewa kutoka upande wa mzee kuuleta upande wake. Mwishoni mzee amelala kimya, binti amejilaza pembeni yake, taa za vazi lake zinazima moja moja. Bi Shaka alichukia. Alijua tangu wimbo wa kwanza kwamba yule msichana si mtu mwema.

Televisheni ikazimwa. Akamwambia mumewe aanze yeye.

Bwana Unga alikohoa. Alisema roboti yule ameonyesha mapenzi ambayo hata watoto wa kuzaa hawana. Kwamba alipojizima mwenyewe ili umeme ubaki kwa ajili ya mzee, pale yeye alishikwa.

 Bi Shaka alikuwa amejiandaa kusikia maneno ya kuazima, akaletewa filamu nzima ya kuazima. Hakukuwa na roboti. Hakukuwa na aliyejizima kwa ajili ya mtu. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake: maneno yalikuwa ya Mama Flashi, ya filamu ya Mama Flashi. Aliinuka kabla ya hukumu yake kutoka, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile, akaenda dirishani nyuma ya kochi kwa sababu hakutaka mumewe aone uso wake. Akaliambia pazia.

"Unakwenda kwa yule mwanamke. Nimeona."

"Eeh," alisema Bwana Unga. "Na zile taa zake zilivyokuwa zinazima moja moja."

Bi Shaka aligeuka. Aliona kisogo cha mumewe, na unga ambao haukutoka vizuri nyuma ya masikio. Akasema tena kwa sauti ile ile, polepole, kwamba anaondoka, anakwenda kuishi kwa binti yao, leo hii. Kisogo hakikutikisika. Mume alikuwa ananyoosha kitambaa cha mkono wa kochi, anangoja abishiwe.

Ndipo vyote vilipomjia kwa pamoja: kimya kila alipomwita kutoka jikoni, zile "eeh" zisizo mahali pake, kicheko kinachofuata kicheko chake, macho yaliyokuwa yakimtazama usoni. Filamu nzima ilikuwa imepita mbele ya mtu huyu, na hakuna neno lililomfikia.  Bi Shaka alizunguka kochi akachuchumaa mbele yake.

"Masikio," alisema. "Tangu lini?"

Bwana Unga aliisoma midomo yake, kisha akajifanya hajaisoma, kisha akachoka kujifanya. Alisema ilianza na sauti ndogondogo, maji yanayochemka, hodi ya mlangoni. Halafu ikafuata sauti ya mkewe akiwa chumba kingine. Na siku hizi hata akiwa karibu, asipomwona mdomo, ni kama mtu anasema ndani ya gunia. Sauti iliyobaki kumfikia ni ya Mama Flashi, kwa kuwa Mama Flashi amezoea kupigia kelele wateja juu ya mngurumo wa mashine. Akawa anamwomba amsimulie hadithi yote siku moja kabla, na kama ana maoni yake ampe na hayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe na shaka zako? Ungejua sisikii, kila nikiitikia ungesema nadanganya. Ungechoka. Ungenyamaza." Aliangalia mikono yake. "Mashine siku hizi haizimiki, mke wangu. Hata nikiwa hapa inasaga humu kichwani. Ukinyamaza na wewe, tutabaki mimi nayo peke yetu."

Bi Shaka alilia, na hakuficha. Alilia kwa huruma, na kwa aibu, na kidogo kwa hasira pia, maana mficha uchi hazai na huyu alikuwa ameuficha kwa mke wake wa ndoa. Kisha alimwambia la kwake: filamu aliibadilisha yeye, ili amnase.

Mume alifikiri. "Sasa yule roboti alikuwa nani?"

"Binti yake. Alikuwa anamwibia hewa."

Bwana Unga alianza kucheka, kicheko kile kile cha kibandani, mpaka akashika mbavu. Alisema kumbe ndiyo maana alishangaa roboti anayegombea mpira wa hewa.

Walikwenda hospitali. Daktari alisema kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki kitunzwe, na akampa vya kuziba masikio anapokuwa kazini. Bi Shaka alipita kibandani kwa Mama Flashi, akamwambia asante na akaangalia kama kigoda kiko mbali na kiti; shaka haiishi kwa siku moja. Kisha karakanani alitengeneza kiti cha mtu mmoja, cha mgongo mfupi, akakijaza mwenyewe sponji nzuri, akakileta nyumbani na kukiweka mbele ya kochi, kikiipa televisheni mgongo.

Mgeni akiingia Jumapili hushangaa. Bwana Unga yuko kwenye kochi, anatazama filamu juu ya bega la mkewe. Mkewe amekaa kinyume, anasikiliza mtafsiri na kumrudishia mumewe kila neno kwa mdomo mpana, akiongeza chumvi yake. Yeye haoni kinachotokea; mumewe ndiye anayemwambia. Hukumu sasa huanza kabla filamu haijafika katikati, na grisi imerudi.

Jumapili ya kwanza ilikuwa filamu ya viumbe wanaovaa nyuso za watu. Katikati yake Bwana Unga alinyoosha shingo, akasema chombo kimetua, na anga la huko ni la kijani, kijani cha majani ya mpunga. Bi Shaka alimtazama usoni. Anga la kijani halikumwingia akilini, na televisheni ilikuwa nyuma yake tu, karibu kiasi cha kugusa kwa kiwiko. Hakugeuka kuhakikisha.