Faida ya Kuzunguka

Mjini Shinyanga walikuwapo akina Bartholomeo wengi, lakini Yanini alikuwa mmoja tu. Jina hilo hakupewa na padri. Alilipata Geita, enzi za mgodi, alipokuwa mtunza stoo. Mchimbaji anakuja mbio, jasho linamchuruzika, wenzake wanamngoja chini shimoni, anaomba koleo. Bartholomeo anachomeka kalamu sikioni, anamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, ndipo anauliza: "Ya nini?" Koleo, ya nini! Ndoo, ya nini! Mtalimbo, ya nini! Kwake ngeli zote za Kiswahili zilikuwa moja, na kila kitu duniani kilikuwa na kesi ya kujibu.

Mgodi ulipofungwa, akarudi Shinyanga na mkewe Philomena, baiskeli yake, na lile swali. Mtoto wao Januari alikuwa ameshakuwa mtu mzima, ameoa, anafanya kazi ya reli Tabora. Bartholomeo akapata ulinzi wa ghala la pamba, na haukupita muda watu wakamchagua kuwa balozi wa nyumba kumi, kwa sababu katika nyumba zote kumi ni yeye peke yake aliyekuwa anapenda mikutano.

Na stoo je? Stoo aliihamishia nyumbani. Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na ndani yake mlikaa sabuni, chumvi, sukari na viberiti. Philomena akitaka sabuni alikuwa anaomba, na anaulizwa ya nini. "Ya kufulia shati lako, Baba Januari," alijibu, miaka nenda miaka rudi, na Baba Januari akafungua kufuli kama mtu anayemfungulia mfungwa.

Basi bwana, mwaka mmoja baada ya Saba Saba, mfanyabiashara Jashvant akaleta kioja mjini. Jashvant ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga karibu na stesheni. Kampuni fulani ya michezo ilikuwa imekuja kwenye maonyesho na bembea ya kuzunguka, ikashindwa kuirudisha ilikotoka, naye akainunua kwa bei ya vyuma chakavu. Mtu mwingine angeuza vile vyuma. Jashvant aliisimamisha kwenye uwanja wa mashine, akavuta mkanda kutoka kwenye injini ile ile ya kusagia, na tangu siku hiyo injini ikiunguruma mahindi yanasagwa upande huu, farasi wa mbao wanazunguka upande ule. Farasi mmoja alikuwa amevunjika kichwa njiani. Pantaleo seremala akaitwa kumtengeneza, lakini maskini Pantaleo hakuwahi kumwona farasi, akachonga fahali wa Kisukuma mwenye pembe ndefu na nundu. Loo! Farasi wakakosa wapandaji. Wazee wenye mvi zao walikuwa wanapanga foleni kumsubiri fahali, wakibishana rangi yake inaitwaje.

Kisha Jashvant akatundika ubao: KIBATI CHA MWAKA. LIPA MARA MOJA, PANDA MPAKA MWAKA UGEUKE.

Jioni hiyo hiyo, wakila ugali na mlenda, Philomena akasema, "Baba Januari, nataka kibati cha Jashvant."

"Ya nini?"

"Cha kupandia bembea."

Bartholomeo akaliacha tonge likining'inia hewani. "Wewe? Mkwe wa watu?"

"Mimi."

Akanawa mikono, ishara kwamba hotuba inakuja. "Mke wangu, hebu tufikiri. Mtu akipanda basi, anafika Kahama. Akipanda treni, anafika Tabora. Akipanda bembea anafika wapi? Anafika pale pale alipopandia, tena na kizunguzungu juu. Faida yake nini?"

"Na mkutano wako wa jana mlifika wapi?"

Balozi akatafuta taulo ya kujifutia mikono.

"Baiskeli yako ina kibati cha leseni cha kila mwaka," Philomena akaendelea, bila kupandisha sauti. "Hujawahi kuchelewa kuilipia. Mimi sijawahi kuwa nacho."

"Baiskeli ni chombo cha kazi!"

"Na mimi?"

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo, au angecheka, au angetoa pesa. Bartholomeo alikohoa, akasema, "Tutalifikiria. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema Philomena, akakusanya sahani.

Huwezi kusema hakulifikiria. Alilifikiria mpaka likakonda. Kwanza alilipeleka kwenye kamati ya nyumba kumi, kama ajenda, kabla ya mengineyo. Wajumbe walikuwa Pantaleo seremala na Mwanaima, mjane muuza vitumbua, ambaye kibanda chake kilikuwa uwanjani pale pale penye mashine. Mwenyekiti akafungua kikao, akaeleza kwamba "mwananchi mmoja, sitamtaja," anataka kibati cha mwaka, na kamati itafakari kama kina faida.

"Mama Januari anataka kupanda, si apande?" akasema Mwanaima.

"Nimesema sitamtaja!"

Pantaleo akatoa hoja kwamba fahali amemchonga kwa mninga mzito, hata mtu mnene hawezi kumvunja. Mwenyekiti akasema hiyo si hoja, hiyo ni biashara. Yeye alitaka kamati itazame mambo mazito: mvua ikinyesha bembea haizunguki, je, siku hizo zinarudishwa? Mtu akiugua malaria? Akisafiri kwenda msibani Kharumwa? Ikaamuliwa kwamba suala lina pande nyingi na mwenyekiti aende akachunguze.

Akaenda. Jashvant alipomwona amesimama mbele ya kaunta, kalamu sikioni, akajua leo kazi ipo.

"Bwana Jashvant, mtu akinunua kibati, halafu katikati ya mwaka akafa?"

"Pole sana, Bwana Balozi. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nauliza. Miezi iliyobaki inakuwaje? Inarithiwa?"

"Akifa hapandi, Bwana Balozi."

"Naam! Hasara hiyo!" akasema Bartholomeo, na akarudi nyumbani amefurahi kuliko mtu aliyeokota dhahabu Mwakitolyo. Madhuben, mama yake Jashvant, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa akipepeta dengu pembeni, alimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea nyuma ya stesheni.

Kamati ikakutana tena. Ikaahirisha. Ikakutana, ikakosa akidi kwa sababu Pantaleo alikuwa amelewa. Mvua zikaja, pamba ikapandwa, ikapaliliwa. Kila kikao mwenyekiti alikuwa na jambo jipya la kutafakari, na kila kikao Mwanaima alipiga miayo na kusema, "Tafakarini tu. Mwenda pole hajikwai." Akishasema hivyo alimtazama Pantaleo, Pantaleo akatazama dari.

Kwa upande wake Philomena hakulitaja tena suala la kibati, na mumewe akaona hayo ndiyo matunda ya uongozi bora. Alimsifu hata kwa watu. Mke wake, alisema, ana akili ya nyumba: hasagi debe zima la mahindi kwa mara moja unga ukaja kuingia wadudu. Anapeleka kidogo kidogo, leo kisonzo, kile kikapu kidogo cha kupimia, kesho kutwa kisonzo, na unga wao siku zote ni mbichi. Tatizo lilikuwa foleni. Mama wa watu anakwenda mashineni jua likiwa juu, anarudi jua linainama, kilemba kimekaa upande, vumbi la unga usoni, anaimba. Bartholomeo alimwonea huruma. Alifika mpaka kumlalamikia Jashvant mbele ya watu kwamba foleni ya mashine yake inawatesa akina mama, na akina mama waliokuwa pale wakainama wote kwa pamoja kufunga khanga zao.

Hapo ndipo lilipotokea jambo dogo ambalo hakuna kamati iliyolijadili. Adhuhuri moja Bartholomeo alifungua sanduku la bati apate kiberiti, akakuta sabuni zimejaa kama alivyozipanga. Chumvi nayo haijaguswa. Sukari imeshikana ikawa jiwe. Akakaa kitandani, ufunguo mkononi. Mara ya mwisho Philomena alimwomba nini? Alijaribu kukumbuka, akashindwa.

Akatoka uani, akamkuta anachambua mboga.

"Mama Januari, sabuni hutaki?"

"Ninayo."

"Chumvi?"

"Ipo."

"Viberiti je?"

"Vipo, Baba Januari. Nilipata kidogo kwa dengu za kishamba changu. Usisumbuke."

Usisumbuke! Lilikuwa neno la upole, lakini lilimchoma. Tangu ujana wake watu walikuja mlangoni kwake kuomba, wakamlaani, wakamcheka, lakini walikuja. Mtunza stoo asiyeombwa kitu ni mlinzi wa kufuli. Na huyu hakuwa mchimbaji wa kupita, alikuwa Philomena. Bartholomeo aliogopa. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mtu anaweza kuishi naye nyumba moja, akampikia, akamsalimu vizuri asubuhi, na akawa ameshaondoka.

Usiku ule hakula vizuri. Akajiambia: nitamnunulia kibati. Kamati hakuiuliza, na kwa Yanini hilo lilikuwa sawa na kupindua serikali.

Jumamosi akavaa shati jeupe, akapanda baiskeli hadi kwa Jashvant. Saba Saba ilikuwa imeshapita tena na vibati vipya viling'aa kaunta. Injini ilikuwa inaunguruma, uwanja umejaa akina mama na madebe yao, bembea inazunguka. Bartholomeo, maana jambo la heri halifanywi kimya kimya, akasimama katikati ya foleni, akapaza sauti kushinda injini.

"Ndugu wananchi! Baada ya uchunguzi wa kina, nimeamua kumnunulia mke wangu, Mama Januari, kibati cha mwaka!"

Alitegemea vigelegele. Hata mtoto hakuguna. Mwanaima aligeuza vitumbua ambavyo havikuhitaji kugeuzwa. Pantaleo, aliyekuja kukaza misumari ya fahali, alizama nyuma ya fahali.

Jashvant akapokea pesa, akachukua kibati kipya na nyundo ya kugongea jina. "Mama Januari," akasema huku akigonga, mtu wa kazi asiye na habari na mambo ya watu. "Mwaka wa pili, siyo?"

"Wa pili?"

"Wa kwanza si alileta dengu kwa mama yangu? Gunia zima. Dengu safi sana."

Bembea ikazunguka, farasi, farasi, farasi, halafu fahali, na juu ya fahali ameketi Philomena. Kilemba kimekaa upande. Macho ameyafumba, mikono imeishika ile nundu ya mbao, na uso wake ulikuwa uso ambao Bartholomeo aliuona mara moja tu, kule kwao Nyang'hwale, kabla hawajaoana. Akapita. Akarudi tena. Bartholomeo alisimama na kibati chake kipya kama mtu aliyeleta zawadi ya harusi siku ya talaka.

Injini ikapunguzwa. Philomena akafumbua macho, akamwona, akashuka taratibu. Hakukimbia wala hakujificha.

"Tangu lini?" akauliza Bartholomeo.

"Tangu uliposema tutalifikiria. Kesho yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeuliza ya nini."

Kicheko kikamtoka mtu kwenye foleni, akakimeza. Bartholomeo akafungua kinywa, na jamani, lile swali lilikuwa pale pale kwenye ulimi, miaka yote hiyo ya stoo ikilisukuma. Philomena akaliona likija, akalijibu kabla halijatoka.

"Ulinitolea ng'ombe, Baba Januari. Ng'ombe wazuri, sikatai. Wakaenda kwa baba, kaka yangu akapata mke. Mimi nikaja kwako nimebeba mtungi kichwani, na tangu siku ile sijatua. Maji, kuni, Januari, pamba, mahindi. Huyu wa Pantaleo ndiye ng'ombe wa kwanza aliyenibeba mimi." Akajifuta vumbi la unga usoni kwa pindo la khanga. "Ndiyo faida yake. Kawaambie kamati."

Hakukuwa na haja ya kuwaambia kamati. Kamati yote ilikuwa pale, mmoja nyuma ya fahali, mwingine vitumbua vinamuungulia.

Bartholomeo alinyoosha mkono, akampa kibati. Philomena akalifungua fundo kwenye pindo la khanga, lile fundo ambalo mumewe aliliona kila siku akadhani lina ugoro, akatoa kibati cha zamani kilichochubuka rangi. Kipya akakifunga mahali pake. Cha zamani akamwekea mumewe kiganjani.

"Kifunge kwenye baiskeli," akasema, akapanda tena juu ya fahali wake.

Jashvant akafungua injini. Kisonzo cha mahindi cha Philomena kilikuwa bado chini kwenye foleni, na foleni ilikuwa imesogea ikakiacha. Bartholomeo alikitazama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha balozi wa nyumba kumi, na shati lake jeupe, akainama, akakibeba begani, akasimama nyuma ya mwanamke wa mwisho.

"Baba Januari!" Mwanaima akashindwa kuvumilia. "Kisonzo hiyo ya nini?"

Hapo uwanja mzima ulicheka, mpaka Madhuben kule kwenye dengu zake. Yanini alisubiri kicheko kipungue.

"Kamati haijaamua," akasema.

Bembea ikamleta Philomena mbele yake. Safari hii alikuwa amefumbua macho.

"Baba Januari!" akamwita kwa sauti. "Naomba wasage laini!"

Alikuwa ameomba kitu. Bartholomeo akakishika kisonzo vizuri, akasogea mbele pamoja na foleni, na hakuuliza ya nini.