Nundu ya Sebuleni

Kaka yangu wa pili huwezi kukaa naye mezani ukamaliza chakula kwa amani. Kabla hajanawa mikono ameshainama kuangalia miguu ya meza, na kama mmoja umepungua hata kwa unene wa kadi, atakwambia. Siku ya kwanza alipofika kwa wakwe zake alitoa mfukoni pima maji, ile ya mafundi ya kuangalia usawa, akaiweka juu ya kabati la vyombo, mama mkwe akiwa amesimama palepale. Shemeji zake wakambandika jina la Pimamaji, na ukoo mzima tukalidaka. Ni fundi wa sakafu za mbao, mwaka wa ishirini na sita sasa. Magoti yameota sugu, mikono inanuka gundi, na sijawahi kumsikia akikubali kosa. Haya nayaandika nikiwa bado na hasira naye. Kaka yetu mkubwa nina hasira naye zaidi, na mimi mwenyewe sijajisamehe, kwa hiyo usitafute hapa mtu wa kusifiwa.

Mama yetu haoni. Macho yalififia taratibu, na huu ni mwaka wa saba tangu giza lifunge kabisa. Mimi kitinda mimba ndiye ninayeishi naye. Lakini Mama hashikwi mkono. Ukimgusa kiwiko anakupangusa kama nzi. Anainuka kitini, anavuka sebule peku, anaingia chumbani kwake na kufunga mlango, peke yake, na hiyo ndiyo fahari iliyombakia. Viatu vya ndani hataki hata kuvisikia. Saruji ya sebuleni ni baridi, miguu ikaanza kuvimba, na daktari akasema kama viatu hataki, basi badilisheni sakafu.

Tukampeleka kwa dada yake akakae siku nane. Pimamaji akaleta mbao zake, ngumu lakini nyembamba, hazifiki unene wa kidole changu cha mwisho. Kisha akalaza rula yake ndefu ya aluminiamu sakafuni, nayo ikabembea.

Sakafu ile aliimwaga marehemu baba. Baba alikuwa dereva wa lori na aliimwaga siku zake za mapumziko. Wiki ya kwanza aliishia katikati ya sebule, wiki ya pili akaendelea, na vipande viwili vilipokutana pakabaki nundu, kama mshono, kutoka ukutani hadi kwenye kabati. Chini ya dirisha kulikuwa na bonde. Pimamaji alizungusha chaki kila mahali akaeleza kwamba mbao nene ungeweza kuzilazimisha, lakini nyembamba hufuata kila kilicho chini yake: kwenye nundu zitacheza, kwenye bonde zitanesa, na baada ya miezi michache maungio yataachana.

Kaka mkubwa alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na hajaambiwa bado kwamba amestaafu. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama anakagua kucha.

"Nundu hiyo ina miaka thelathini na haijamuua mtu," akasema. "Bandika mbao."

"Kaka, heshima yako iko palepale," Pimamaji akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini mbao hazimjui mkubwa."

Kaka mkubwa akauliza kama sasa kazi ya baba imekuwa takataka. Pimamaji akasema baba alikuwa dereva mzuri sana. Basi, hilo lilitosha. Siku tatu hawakusemeshana. Kila mmoja alinituma kwa mwenzake nikiwa nimesimama katikati yao, watu wazima wenye wajukuu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ya nyumba ile ni mimi.

Pimamaji akaisaga ile nundu kwa grenda, kwa hasira, na vumbi likaingia mpaka kwenye unga wangu. Bonde akalijaza saruji nyepesi kama uji, akaiacha ikauke. Akagandisha mbao moja moja, akizikanyaga kwa kisigino na kusikiliza. Kwa kuwa sakafu ilipanda, aliung'oa mlango wa chumba cha Mama akaupiga randa chini. Siku ya nane aliweka pima maji mahali kumi na pawili, na kipovu kikatulia katikati kote. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Kaka mkubwa alizunguka akitafuta kosa, akalikosa, akaenda kumchukua Mama.

Mama alivua viatu mlangoni. Alikanyaga, akachezesha vidole, akacheka. "Pana joto," akasema. Kisha akaanza safari ya chumbani, nasi watatu tukimtazama kama wazazi siku ya matokeo.

Katikati ya sebule alisimama. Akatanguliza mguu, akaurudisha. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Mikono yake, ambayo haijawahi kuinuka ndani ya nyumba ile, ikainuka.

"Iko wapi?" akauliza.

"Iko wapi nini, Mama?"

"Nundu ya baba yenu. Nikiikanyaga nageuka kulia. Mmeipeleka wapi?"

Miaka saba nimeishi naye, nikamwona akivuka kila siku, na sikujua. Kaka mkubwa, badala ya kunyamaza, akasema yeye alishauri iachwe.

"Ulitaka iachwe kwa ajili yangu?" Mama akamuuliza.

Kaka mkubwa akaangalia viatu vyake.

"Mmepima kila kitu," Mama akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, si kwa uzee. "Mtu anayetembea humu hamkumuuliza. Simu ilikuwepo."

Kisha akanyoosha mkono hewani, upande ambao hakuwepo mtu. "Nipelekeni chumbani."

Nilimpeleka. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Kesho yake asubuhi Pimamaji alirudi na ufito wa mbao, akapiga magoti juu ya kazi yake nzuri. Mama akamwamrisha kutoka kitini: sogeza, bado, umepitiliza, rudisha. Aliugandisha bila kutoa pima maji. Mama akajaribu, mguu ukagusa, akageuka kulia, akaingia na kufunga mlango bila kumshukuru mtu. Mlango haukugusa mbao.

Sasa anavuka mwenyewe tena. Lakini akifika katikati, kabla mguu haujaupata ule ufito, mkono wake huinuka kidogo kutafuta mtu, kisha huurudisha haraka, akidhani sijauona.