Baba, Breki na Fundi Gabrieli

Ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye samli ina harufu yake, jamani, na aliyewahi kuinusa haisahau. Juzi niliipata kwa mshona viatu mmoja karibu na soko la Iringa, nikabaki nimesimama na kiatu mkononi mpaka yule kijana akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Siumwi, nikamwambia. Nilikuwa nimerudi Kihesa, enzi zile za Mwingereza, baba yangu amepiga magoti uani, bakuli la samli la mama liko pembeni yake, naye anakata ngozi kwa kisu cha jikoni.

Baba alikuwa karani, Mnyakyusa wa upande wa Mbeya aliyeletwa Iringa na kazi, akamuoa mama, Mhehe wa Kalenga, akakaa moja kwa moja. Pikapu yake aliinunua kwa mlowezi mmoja wa mashamba ya tumbaku aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ilikuwa kuukuu, imechujuka rangi, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba.

Niliichukia ile pikapu, msinicheke. Kabla haijaja, baba akitoka kazini alinipakata barazani, mimi Roza, mtoto wake wa kwanza, akanimenyea ndizi huku akinisimulia habari za kwao, mvua isiyokatika na migomba inayofika hadi mlangoni. Ilipokuja pikapu, akitoka kazini alivua koti na kuingia chini yake, nikawa namwona soli za viatu tu. Nikimsemesha, ananijibu, "Ngoja kidogo, mama." Kidogo hicho kilifika mpaka giza linaingia.

Mama aliiita mke mwenza. Siku moja alipakua ugali sahani mbili, moja akaenda kuiweka juu ya boneti. "Na mwenzangu naye ale," akasema, "maana naona leo zamu ni yake." Baba alicheka huko chini mpaka akajigonga kichwa. Mimi sikucheka hata kidogo. Mama alikuwa anatania, lakini wivu wangu mimi ulikuwa wa kweli, ule unaomfanya mtoto ashindwe hata kula.

Ila niseme haki, baba alikuwa na mikono. Plagi alisafisha mwenyewe, pancha aliziba, kabureta aliifungua na kuifunga bila kubakiza skrubu. Nyuma alipigilia benchi la mbao ili sisi watoto tusikae chini kama magunia. Wapita njia walisimama, wakatazama, wakasema huyu karani ni fundi kweli, na sifa zile zilimwingia vizuri sana.

Sasa, pale pale Kihesa alikuwepo fundi hasa wa magari, Gabrieli, aliyejifunzia kazi jeshini wakati wa vita. Huyo alikuwa na maringo yake, si utani. Nywele zinang'aa mafuta, saa mkononi, na mluzi unaomtangulia kona nzima. Akipita kwetu alisimama penye ua na kuita kwa salamu ya Kihehe, "Agata, kamwene!" Watu wote mtaani walimwita mama Mama Roza, kama desturi inavyotaka. Gabrieli peke yake ndiye aliyemwita kwa jina lake la usichana, naye mama aliitikia akicheka, "Kamwene, Gabrieli!" Basi hapo baba hununa jioni nzima, chakula anasema hakina chumvi, na sisi watoto tunaambiwa tunapiga kelele hata tukiwa tumenyamaza.

Nyinyi wakubwa mmeshaelewa. Mimi nilielewa nikiwa nimeshakuwa mkubwa: kabla baba hajatokea, Gabrieli alikuwa amepeleka posa Kalenga.

Basi ikatufikia habari kwamba shangazi anaolewa Mbeya, na baba ndiye kaka mkubwa, asingeweza kukosa. Aliapa kwamba safari hii hapandi lori la mtu, atafika kwa mama yake na gari lake. Na wiki hiyo hiyo breki zikaanza ukorofi. Ukikanyaga, mguu unazama mpaka chini ndipo gari lisite, na mafuta ya breki yakawa yanadondoka uani.

"Baba Roza," mama akasema, "si umpelekee Gabrieli aiangalie mara moja?"

"Gabrieli, Gabrieli! Kwani Gabrieli ana mikono mitatu?"

Mama akaendelea kupepeta mchele.

Baba akaifungua pampu ya breki, akakuta raba zake za ndani zimelika. Akaitazama, akaigeuza, uso ukamchangamka. "Ala! Hii si pampu ya baiskeli tu!" Na kwa pampu za baiskeli baba alikuwa bingwa. Mtaa mzima walimletea, naye aliwakatia kile kipande cha ngozi cha mviringo kinachosukuma upepo, akakiloweka kwenye samli kilainike, akakirudisha, na pampu ikapiga vizuri kuliko mpya. Sasa akafanya hivyo hivyo kwa breki. Alikata ngozi, akailoweka, akaichomeka mahali pa raba, akafunga kila kitu.

Tukazunguka naye Kihesa, kwenye njia za tambarare, na kweli pikapu ikasimama kila alipotaka. Alipofika karibu na kwa Gabrieli alikanyaga breki bila sababu yoyote, akapiga honi, akaondoka. Nilimwona anatabasamu peke yake.

Asubuhi ya safari baba alivaa suti. Mama alikaa mbele, amempakata mdogo wangu Simoni, mimi nyuma kwenye benchi pamoja na kuku wa harusi. Tukapita mjini, tukaanza kuteremka kuelekea Ipogolo. Wanaoijua Iringa wanaujua mteremko ule, mji uko juu kabisa na barabara inaporomoka hadi mtoni. Mwanzoni nilifurahia upepo. Halafu nikamsikia mama, "Baba Roza, punguza." Halafu tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Punguza!" Kupitia kidirisha cha nyuma niliona bega la baba likipanda na kushuka, anakanyaga, anakanyaga, na pikapu ndiyo kwanza inaongeza mwendo. Wanawake waliobeba kuni wakatupa mizigo na kukimbilia mtaroni. Baba akakata usukani, akaibamiza pikapu kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima.

Vumbi lilipotulia, Simoni alikuwa analia, paji la uso limepasuka, na khanga ya mama imelowa damu. Baba alihakikisha mtoto anapumua, kisha akaja nyuma mbio, akanibeba, ananipapasa mikono, miguu, kichwa. "Roza, mama, umeumia wapi? Niambie, umeumia wapi?" Pikapu yenyewe hakuitupia jicho. Wivu wangu ukaishia hapo hapo.

Wa baba ndio ulikuwa bado. Maana aliyekuja kutuvuta ni nani? Ni Gabrieli, na mluzi wake. Aliingia chini, akafungua pampu, akatoka na kile kipande cha ngozi, kimevimba kwa mafuta ya breki na kujikunja. Watu walikuwa wamejaa. Alikiinua wote wakakiona.

"Bwana karani," akasema, "plagi safisha, pancha ziba. Breki niletee mimi."

Watu wakaangua kicheko. Baba akainamisha kichwa, suti yote vumbi tupu. Gabrieli akamgeukia mama, akalainisha sauti. "Pole, Agata. Wewe hujaumia?"

Baba aliufunga mkono ngumi. Niliiona.

Mama akamsogeza Simoni begani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ahsante, shemeji. Tuko salama. Mtengenezee ndugu yako gari lake, wanatungoja harusini."

Gabrieli akaishusha ile ngozi. "Haya, shemeji," akasema, na kuanzia siku ile hakumwita tena Agata. Ngumi ya baba ikafunguka. "Ndugu yangu," akasema, "njoo basi tuisukume," wakasukuma pamoja.

Mimi nilidhani mama alikuwa anashukuru tu, kwa adabu. Nilipokuwa nimeolewa na nina wivu wangu mwenyewe wa kuuguza, ndipo nilipoelewa kwamba kwa neno moja alimfanya Gabrieli kuwa ndugu wa mumewe, na ndugu wa mume hakuna anayemwogopa. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukumwita hivyo tangu mwanzo? Baba angempelekea gari, Simoni asingeumia."

"Baba yako hakuwa mtu wa kutamka mapenzi," akasema. "Lakini Gabrieli akiniita, nilimwona usoni anavyoogopa kunikosa. Nilipenda kumwona hivyo. Nikaacha, nikaacha, mpaka nikamwona mwanangu anatoka damu."