Lanji Si Chakula

Mimi ni dereva wa lori na sioni haya kulisema. Doha, Qatar, nilikuwa nikisomba vigae kutoka bandari ya Al Wakrah hadi kisiwa cha The Pearl, na nilishawaapia wenzangu sita kwamba hakuna chombo kinachotumia mafuta kidogo kama lori langu.

Siku moja bosi wetu, Mwarabu wa maneno machache, akatuambia, "Bukra, lanj." Bukra tuliijua, ni kesho. Lanji kwetu Nakuru ni chakula cha mchana. Nikawatangazia wenzangu kwamba kesho bosi anatulisha, na asubuhi hakuna aliyebeba hata mkate.

Bandarini tukakuta vigae vyetu vinapangwa ndani ya boti kubwa ya mbao. Hiyo ndiyo lanji: bosi alitaka kujaribu kupeleka vigae kwa njia ya bahari. Mzanzibari niliyekaa naye chumba kimoja, fundi wa injini ya boti hiyo, alicheka mpaka akakaa chini.

"Ala! Lanji ni boti, ndugu yangu! Hamkuuliza?"

"Wacha zako. Hii itakunywa mafuta kuliko malori yote," nikamjibu, lakini nilijua hatari. Boti ikishinda, madereva hatuna kazi.

Akanionyesha injini. Ilikuwa ndogo kuliko yangu, nayo ilingoja mzigo wa malori saba. "Uzito unabebwa na maji," akasema. "Injini inasukuma tu, tena polepole." Nilikasirika kwa sababu nilielewa. Lori langu linajibeba lenyewe, linabeba mzigo, na kwenye kila taa nyekundu linaanza upya.

Nilipanda boti hiyo, nikapima tangi lake la mafuta mwenyewe kwa kijiti, kabla ya kuondoka na tulipofika. Bosi akaniita mbele ya wenzangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkongwe wao. Akataka kujua kama fundi anampigia porojo kuhusu mafuta ya boti. Wenzangu walinikodolea macho. Kudanganya kulikuwa rahisi.

"Ni kweli," nikasema. "Mafuta yake hayafiki ya malori matatu. Lakini boti haipandi barabara. Kutoka gatini hadi mlangoni utahitaji lori moja."

"Moja," akasema, akaniachia mimi kazi hiyo.

Wenzangu walihamishiwa machimbo ya kokoto jangwani. Mmoja, tuliyetoka naye mtaa mmoja Nakuru, hajanisalimu tangu siku hiyo, na inaniuma. Lakini akiniuliza leo kijiti kilionyesha nini, nitamjibu vilevile.