Programu Iliyolala Mchana

Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025, Nasriya Murshid, mhandisi wa mitandao mwenye miaka thelathini na mmoja, alirudisha barua ya mistari minne bila ya kuitia saini.

Barua ilitoka kwa mwajiri wake, kampuni kubwa ya teknolojia ya Kichina yenye ofisi Muscat. Ilimhakikishia mteja, mwenye maghala ya vyakula huko Sib, kwamba hakuna mtu wa makao makuu China anayeingia kwenye mfumo wake bila ya ruhusa. Mteja alitaka saini ya mhandisi aliyeko Oman. Bila ya saini mkataba ungekufa mwisho wa mwezi, na kazi ya Nasriya pamoja nao.

Aliyeidai ni Hisham, mkuu wa usalama wa mifumo kwa mteja na jirani yake Nasriya katika mtaa wa Hail.

"Kampuni yenu siijui," alimwambia kwa simu. "Nnakujua wewe na nnamjua mama yako."

"Basi mpelekee mama atie saini."

"Mama yako hatii saini kitu asichokisoma, bibi we."

Nasriya akasoma. Alifungua kumbukumbu za mfumo, zinazoandika kila anayeingia, akarudi nyuma siku thelathini. Jina moja la kuingilia, la makao makuu, lilikuwa likiingia kila siku ya kazi. Meneja wake, Bwana Liang, alikuwa na jibu: ile ni programu, inakagua mfumo yenyewe.

Nasriya alizipanga saa za kuingia kwenye karatasi. Kila siku jina lile lilinyamaza kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. China imetangulia kwa saa nne. Kule ni adhuhuri. Nasriya alipata mafunzo makao makuu miezi mitatu na anaijua adhuhuri yao: watu hula, taa huzimwa, kila mmoja hukunjua kitanda kando ya meza yake akalala. Yeye alinunua chake wiki ya pili.

"Bwana Liang, programu yetu inalala mchana."

Liang aliitazama karatasi. "Kila siku?"

"Kila siku. Na kuamka huchelewa dakika kumi."

Liang akacheka mpaka akavua miwani. "Basi namjua ni nani."

Mwenyewe alikuwa mhandisi hodari wa makao makuu, aliyefunzwa kama wenzake kwamba hitilafu hurekebishwa kabla mteja hajaijua, basi akiingia bila ya kuuliza.

"Hakuiba kitu," Liang alisema.

"Naamini. Lakini Hisham hakuuliza kama ni mwizi. Ameuliza kama anapiga hodi."

Siku hiyohiyo jina lile lilifungwa. Sasa hakuna wa makao makuu anayeingia mpaka Nasriya ampe ruhusa. Barua mpya, aliyoiandika mwenyewe na kuitia saini, ina mistari tisa, na kosa lile la kuingia bila ya ruhusa limetajwa humo.

"Ndefu hii," Hisham alilalamika.

"Kaa kitako uisome."

Jumapili, tarehe 28, Hisham atafika ofisini na wakaguzi wawili kujaribu kuingia bila ya ruhusa. Wakishindwa, mkataba utaongezwa miaka miwili.