Kura Aliyomwachia Mdogo Wake

Kama hujawahi kuumizwa na mtu uliyemfundisha kazi mwenyewe, mshukuru Mungu, maana Dada Nukta ameumizwa na mpaka leo hajapoa.

Pale shuleni hakuwa dada wa mtu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu na ulimi usio na breki. Jina alilipata kwenye kazi yake: kuchapa vitabu vya nukta nundu, zile nukta zilizoinuka ambazo wasioona huzisoma kwa vidole, katika shule ya bweni ya wasioona. Chumba chake kilikuwa nyuma ya bwalo. Kilikuwa na meza mbili, kompyuta iliyowazidi umri wanafunzi wote, na printa iliyogonga karatasi kwa kishindo mpaka vioo vya dirisha vikalia. Printa hiyo ilikuwa na kiburi chake. Ilisikilizana na mfumo endeshi mmoja tu, ule wa zamani. Na mfumo endeshi, kwa asiyejua, ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuzitawala nyingine zote. Ukiweka mfumo mpya, printa inanuna, hata ukiibembeleza.

Programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta isiyo na tajiri. Watu kama mia mbili, kila mmoja kwao, walikuwa wakiijenga kwa kujitolea na kujadiliana kwa barua mtandaoni. Na kwa ubishi hao watu hawana mwenzao, jamani. Jambo la dakika tano hulivuta wiki tatu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya huo mfumo wa zamani. Wengi walitaka uondolewe. Walisema kila toleo jipya la lugha linachelewa kwa sababu lazima lijaribiwe kwenye mifumo saba, na huo wa saba hauna mtumiaji ila mama mmoja mbishi. Dada Nukta aliwajibu miaka miwili bila kuchoka. "Mbishi ni mimi," aliwaandikia, "lakini nyuma yangu kuna vidole mia mbili na thelathini." Wanafunzi ishirini na watatu, hesabu mwenyewe. Mitihani yao ya mwisho ilibakiza miezi minne, na karatasi za mwaka huu zingeletwa katika faili za aina mpya, ambazo toleo lijalo tu la lugha ndilo lingeweza kuzifungua. Toleo hilo likikataa mashine yake, watoto wangekaa mbele ya mtihani wasioweza kuusoma.

Alichokuwa nacho ni sheria. Kila mfumo ulikuwa na wadhamini wawili waliokuwa wakiujaribu kila wiki, na hauondolewi mpaka wote wawili wakubali. Mdhamini akiugua, humwachia mwenzake kura yake. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wa desturi hiyo.

Kwa mfumo wa zamani mdhamini mmoja alikuwa yeye, na mwenzake alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, ila Dada Nukta alimwita mdogo wangu. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Miaka tisa nyuma alikuja kwenye ile jamii hajui hata kutuma sahihisho, watu wakamcheka, na ni Dada Nukta aliyekaa naye kwenye simu Jumapili baada ya Jumapili mpaka akaiva. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, Dada Nukta alipata habari kabla ya mama mkwe.

Kwa hiyo alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kutazama kioo cha kompyuta wiki sita, hakuwaza mara mbili. Kura akamwachia mdogo wake.

"Pumzika, dada," alimwambia. "Mimi nipo."

Jumatatu aliyorudi kazini, Mwalimu Mkuu alikuja na chai kama kawaida yake. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni, na barua za ile jamii alizoea kusomewa na Dada Nukta, wakizicheka pamoja. Barua ya juu kabisa ilisema mfumo wa zamani umeondolewa. Dada Nukta alidhani wamevunja sheria. Akaanza kusoma kura kwa sauti, moja moja, huku akiwatukana wapigaji. Mdogo wake: kubali. Hapo matusi yalikoma. Mstari wa chini ulikuwa na jina lake mwenyewe.

"Mbona umenyamaza?" Mwalimu aliuliza.

"Hapa kuna jina langu. Limeandikwa kubali."

Mwalimu aliweka kikombe chini polepole. "Kama ulichoka na sisi," alisema, "ungeniambia tu."

Neno hilo lilimchoma kuliko kisu cha daktari. Hakujitetea. Alimpigia simu mdogo wake, akaweka spika.

"Dada! Macho yanasemaje?"

"Yanaona. Nimesoma kura."

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuuliza."

"Watu wamechoka, dada. Hata mimi nimechoka. Waliniambia mzozo huu ukiisha wataniingiza kwenye baraza la jamii."

"Kura yako ni yako, itupe unakotaka. Yangu uliitoaje?"

"Si uliniachia?"

"Nilikuachia unitunzie." Sasa alikuwa analia, na hakuficha. "Waandikie kwamba hukuniuliza. Sentensi moja, mdogo wangu. Toleo halijatoka bado."

"Ijumaa wananitangaza. Ngoja ipite Ijumaa."

"Toleo linatoka Alhamisi."

Mwalimu aliinama kuelekea simu. "Bwana, mimi ndiye mwenye hao wanafunzi."

"Shikamoo, mwalimu," alisema yule bwana kwa adabu zake zote, akakata.

Mwalimu alipapasa mezani mpaka akaupata mkono wa Dada Nukta. "Nisamehe," alimwambia. "Waandikie wewe."

Aliwaandikia watu wote mia mbili siku hiyo hiyo: kwamba kura ile si yake, kwamba hakuulizwa, kwamba anaomba ihesabiwe upya. Mmoja alijibu kwamba kura ikishaachwa imeachwa. Mwingine alimwombea macho yapone haraka. Alhamisi toleo likatoka, na kwenye mashine yake likagoma kuwaka.

Jumamosi ilikuja barua ya mwisho, na Mwalimu akaja kusomewa.

"Mjadala huu umefungwa," Dada Nukta alisoma. "Baraza linamshukuru dada yetu kwa busara yake ya kukubali."

"Nani kaandika?"

"Mdogo wangu," alisema.