Fundi Mabruki na Tairi za Damas

Fundi Mabruki wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, alikuwa na sikio la tairi. Wengine huitazama tairi kwa macho. Yeye aliigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, kisha akakuonyesha mahali nyuzi za ndani zilipooza. Ujuzi huo aliupata jeshini wakati wa vita vya Burma, alikokaa miaka mitatu nyuma ya malori akiziba na kuchoma mipira. Aliporudi Tabora mwaka wa arobaini na sita alisimamisha kibanda cha mabati kando ya barabara, akaanza kazi. Babu yake alifika mji huu na msafara kutoka Manyema, pembe begani. Mjukuu sasa akawahudumia waliopita njia zilezile kwa magurudumu, na pamba ya Nzega, ngozi na karanga zikawa zinasafiri juu ya viraka vyake.

Kila mwaka, mvua zikishakatika, Wazungu wa mashamba ya tumbaku na Wahindi wenye maduka walishindana kwa magari kutoka Tabora hadi Lusu, mbele ya Nzega, na kurudi siku hiyohiyo. Hawakuwa madereva wa kazi. Walikuwa watu wa kujifurahisha, wenye chama chao na bendera yao. Lakini barabara ile haikuwa na habari na furaha ya mtu. Changarawe yake ilikata kama wembe, mawimbi yake yalitetemesha mtu mpaka meno, na jua liliwaka juu ya yote. Gari moja liliweza kumaliza tairi nne au tano kwa siku. Wenye uwezo walifunga tairi za akiba hadi juu ya paa, na zilizopasuka walizitupa palepale porini, kama mtu atupavyo ganda la muwa.

Damas wa Ipuli, kitongoji cha Tabora, aliziona zikitupwa. Alikuwa dereva wa lori la pamba, Mnyamwezi, Mkatoliki, mtu mpole aliyependwa na wenzake kwa sababu hakumpita aliyekwama. Mwaka wa hamsini na tano alinunua gari dogo kuukuu lililoachwa na mpima ardhi mmoja aliyerejea kwao. Injini ilikuwa nzima. Siku ya pili alilileta kibandani kwa Mabruki.

"Fundi, nataka kuingia mashindano."

Mabruki alilizunguka lile gari. Tairi zote nne zilikuwa vipara vitupu. Mpya moja ilizidi mshahara wa Damas wa mwezi na nusu, nayo isingefika Lusu na kurudi.

"Gari unalo," akasema. "Utatembelea nini?"

"Nitakutembelea wewe," Damas akamjibu. "Barabara ile nimeiendesha miaka tisa, najua kila shimo lake. Wao wanaijua siku moja kwa mwaka. Nikipata kitu cha kunishikilia chini, nitafika."

Mabruki alicheka, lakini neno lile lilimwingia. Siku ya mapumziko walipanda lori hadi Puge, kwenye njia ya Nzega, na mbele yake, wakaokota tairi zilizotupwa mwaka uliopita. Walirudi nazo kumi na nne. Kati ya hizo Mabruki alichagua nne zenye uhai. Kwa muda wa miezi miwili, akishamaliza kazi za watu, alizikwangua, akazijaza, akazibana kwa chuma cha moto juu ya makaa. Tatu zilimridhisha. Ya nne ilikuwa na jeraha ubavuni, refu kama kidole. Aliishonea kwa ndani kipande cha tairi ya lori, akaichoma mara mbili, akaigonga, akasikiliza. Hakuipenda sauti yake. Lakini nyingine hakuwa nayo.

"Hii tutaiweka mbele kushoto," alimwambia Damas, "kwa sababu upande huo nitakaa mimi, niisikilize. Sasa nisikilize. Maili thelathini na tano kwa saa, basi. Kila maili kumi na tano tunasimama zipoe. Ukizidi hapo, kiraka kitaachana na mama yake."

"Nimesikia, Fundi."

Asubuhi ya mashindano magari tisa yalijipanga karibu na stesheni. Mzungu mmoja wa chama alikuja kuyakagua. Alipofika kwenye gari la Damas aliipiga tairi teke kwa ncha ya kiatu, akacheka, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Hii nafika Ipuli?" Wenzake wakacheka naye. Damas alitabasamu tu. Mabruki, aliyekuwa amekaa kando yake awe msaidizi wa njiani, alihisi teke lile kana kwamba limempata yeye mbavuni.

Waliondoka wa mwisho na wakaendelea kuwa wa mwisho. Damas aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Alijua mahali pa kupanda ukingo wa barabara kukwepa mawe, alijua pa kuacha gari lijitelemkie lenyewe. Kila maili kumi na tano walisimama. Walifika Lusu wakiwa wa sita, kwa maana watatu walikuwa wamekwisha kwama. Wakiwa njiani kurudi walimkuta mwingine amechuchumaa kando ya jeki, na kabla ya Nzega wakawakuta watatu wengine, tairi zimewaishia. Nzega watu walitoka madukani kuwapungia mikono. Mabruki alishuka akagusa tairi. Tatu zilikuwa na joto la kawaida. Ile ya mbele kushoto ilimchoma kiganja akakiondoa haraka.

Hakumwambia Damas kitu. Alijisemea kwamba wataipumzisha mbele.

Walipokaribia Puge walimwona aliyekuwa akiongoza, Mzungu wa tumbaku aliyeshinda miaka miwili mfululizo. Gari lake lilikuwa limelala upande, tairi zake zote za akiba zimekwisha, naye amekaa chini ya kivuli cha mlango akinywa maji. Walimpita polepole. Sasa mbele yao hapakuwa na mtu mpaka Tabora.

Nyuma yao, mbali, vumbi lilikuwa likipanda. Gari la yule wa jeki lilikuwa bado linakuja.

Damas alitazama mita ya maili. Akapunguza mwendo. "Fundi, zimetimia kumi na tano. Tusimame zipoe?"

Mabruki aligeuka akalitazama vumbi lile. Akaiona ncha ya kiatu. Akawaona watu wote wa Ng'ambo wamesimama stesheni, na tairi zake mwenyewe, zilizotupwa na wakubwa, zikiwasili za kwanza.

"Kanyaga, Damas," akasema. "Zitafika."

Damas alimtazama mara moja, kisha akakanyaga, kwa sababu aliyesema ni fundi.

Zilikwenda maili nne. Mlio wa kupasuka Mabruki aliusikia kabla ya kuhisi kitu chochote, akaujua ni wa ipi. Gari lilivutwa kushoto, likaruka mtaro, likakivaa kichuguu. Yeye alirushwa nje, akavunjika mtulinga wa bega. Damas alibanwa na usukani, na walipomtoa miguu yake haikuitika tena.

Siku ya tatu, hospitalini, Damas alifumbua macho akaongea. Mkewe Eustadia alikuwa ameketi kando ya kitanda, na dresa alikuwa akibadilisha bandeji. Mabruki alisimama mlangoni, mkono umefungwa shingoni. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari.

"Nakumbuka Nzega," Damas alisema taratibu. "Watu wanatupungia. Baada ya hapo sina kitu." Alikunja uso akitafuta. "Uliniambia tusimame, Fundi. Wewe hukuacha kuniambia. Nami nilikukaidi, sivyo?"

Wote watatu walimgeukia Mabruki. Mdomo wake ulifunguka. Dresa alikuwa akimwangalia, Eustadia alikuwa akimwangalia, macho yamevimba kwa kulia. Mabruki aliinamisha kichwa, asitoe neno.

"Nilijua," akasema Damas, akageuza uso ukutani.

Kimya kile kilikaa miaka minne. Damas alirudishwa Ipuli, akalazwa kwenye chumba cha mbele ili awaone wapitao. Madereva wenzake walikuja kumjulia hali, na kila aliyekuja aliambiwa habari ileile: "Mimi niliambiwa na fundi nikajifanya najua. Msikilizeni fundi wenu." Nao walimsikiliza. Malori yalipanga foleni kibandani kwa Mabruki kuliko wakati wowote, maana huyu ndiye fundi aliyekataza, ambaye angetiiwa mtu angekuwa anatembea. Kila tairi iliyoletwa kwa sababu hiyo ilimwingia rohoni kama msumari.

Alifanya yote yaliyo mikononi mwa binadamu, isipokuwa lile moja. Alikata mipira ya ndani ya malori, akaijaza upepo kidogo, akatengeneza godoro ili mgongo wa Damas usitoke vidonda. Alimbeba kumpeleka juani asubuhi na kumrudisha. Unga, mafuta ya taa, ada za shule za watoto, vilitoka kibandani. Eustadia alikuwa akimshukuru mpaka Mabruki akaona haya. Mkewe mwenyewe, Maua, alimwona akikonda mbele ya chakula.

"Una nini, baba?" alimwuliza.

"Kazi nyingi."

Mwaka wa tatu alijikaza. Alivaa kanzu safi baada ya swala ya Ijumaa, akatembea hadi Ipuli akijirudia maneno kama mtoto wa chuoni. Alimkuta padre anatoka. Damas alikuwa ameegemea mto, uso umetulia kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi.

"Nimeungama ile habari," alisema. "Kiburi changu cha barabarani. Padre amenipa malipizi madogo, amesema Mungu amekwisha nisamehe. Nimepata nafuu, Fundi. Keti."

Mabruki aliketi. Akaongea naye juu ya mvua, akaondoka.

Damas alikufa masika ya mwaka wa hamsini na tisa, kwa vidonda ambavyo hata godoro la mipira halikuvizuia. Siku mbili kabla alimwita Mabruki asogee karibu, kwa kuwa sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Nilikuvunja bega. Nilivunja kazi yako ya miezi miwili. Hujawahi kunilaumu hata siku moja." Alivuta pumzi. "Niambie kwa mdomo wako kwamba umenisamehe, nipumzike."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mabruki aliijua nafasi ile kuwa ya mwisho kama anavyoijua tairi isiyobakiza uzi. Aliutazama ule uso uliobaki mifupa, akajiuliza kama ukweli ungemwondolea Damas mzigo au ungemwondolea rafiki, na hakupata jibu, na mgonjwa alikuwa anangoja.

"Nimekusamehe," akasema.

Damas alimshika mkono, akamshukuru.

Matanga yalipokwisha na jamaa kutawanyika, Mabruki alikwenda kwa Eustadia. Alimkuta uani anabangua karanga. Binti yake mkubwa, Apolinaria, alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Safari hii Mabruki hakukaa. Alisema akiwa amesimama, yote, kuanzia joto la tairi pale Nzega mpaka neno alilolitamka karibu na Puge.

Eustadia hakuacha kubangua. Karanga tatu, nne, zilianguka kwenye ungo.

"Kwa nini unaniambia mimi, shemeji?"

"Limenishinda kulibeba."

"Yeye alilibeba miaka minne. Hata halikuwa lake." Alikung'uta maganda mapajani. "Watoto wangu wamekua wakiambiwa baba yao alijilemaza kwa ukaidi. Na aliyewaambia ni baba yao mwenyewe. Mimi nililala kando yake nikimsikia anajitukana usiku, nami moyoni nikimlaumu. Unaelewa? Nilimlaumu maiti wangu angali hai."

Aliuvuta ungo karibu.

"Nenda kaseme kule alikosemea yeye. Kwa madereva. Kisha usije hapa tena. Unga wako pia usiulete."

Siku iliyofuata alikwenda mahali malori yalipopakia, karibu na ginari, kiwanda cha kuchambua pamba. Madereva walikuwa wanakunywa chai, wakamkaribisha. Aliwasimulia kama alivyomsimulia mjane. Alisema, "Damas aliniuliza tusimame. Mimi ndiye niliyemwambia akanyage. Aliyemlemaza ni mimi."

Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mkubwa wao, mzee mmoja aitwaye Mayala, aliweka kikombe chini na kumshika bega.

"Fundi, umempenda sana yule mtu. Msiba ukizidi, mtu hutafuta la kujibebesha. Marehemu mwenyewe ametuambia, tena si mara moja. Angesingiziaje nafsi yake?"

"Hakukumbuka, Mzee Mayala. Alipoteza kumbukumbu."

"Basi, basi. Kunywa chai."

Alirudia tena, kwa sauti zaidi. Wakatazamana. Mmoja akamsogezea andazi. Jioni ileile habari zilizunguka Ng'ambo kwamba Fundi Mabruki amezidiwa na majonzi mpaka anajisingizia, na kwamba mtu wa imani namna hiyo haonekani siku hizi. Kesho yake asubuhi malori matano yalikuwa yanangoja mlangoni pake.

Alifanya kazi nao mwaka mmoja na nusu zaidi. Kisha masikio yake yakamsaliti, au alisema hivyo. Alikuwa akigonga tairi na kukaa muda mrefu, akawaambia wenye tairi waende kwingine, hana hakika. Bendera ya Waingereza ilipokuwa inakaribia kushuka, alikuwa amekwisha zima makaa, anakaa tu kizingitini mwa kibanda. Watu waliendelea kumwamkia kwa adabu ya juu, wakubwa kwa wadogo.

Ukimwacha Eustadia, katika wote waliosikia alivyojitangaza, aliyemwamini alikuwa mmoja. Apolinaria alikuwa amesikia kila neno siku ile, mikono kwenye povu. Sasa alikuwa anafundisha shule ya misheni, na njia yake ilipita mbele ya kibanda asubuhi na adhuhuri. Shikamoo hakuitoa. Hakuharakisha hatua wala hakugeuza uso. Alimtazama mzee yule machoni kwa muda wa kupita, akaenda zake. Na Mabruki, aliyeweza kuingia ndani akafunga mlango, alikaa palepale kila siku mpaka apite.